Kwani Hapa Tumesimama?

Kikombe cha mama kina picha ya soko la Krismasi la Hamburg, taa tupu na mapaa yenye theluji. Ndicho anachonywea chai kila asubuhi hapa Kirumba, Mwanza, na jirani yeyote anayeingia lazima asimuliwe kilikotoka. Nimekuja likizo ya wiki tatu na hadithi hiyo nimeshaisikia mara kumi. Kila mara inanenepa. Jana mto Elbe ulikuwa umeshakuwa bahari.

Ilikuwa hivi. Desemba iliyopita mama na mpwa wangu wa miaka tisa walikuja kunitembelea Hannover, Ujerumani, ninakofanya kazi ya uuguzi, mwaka wa saba huu. Nikawapeleka Hamburg, kwenda Ijumaa, kurudi Jumapili. Kwa treni ya haraka ni saa moja na ushee tu, ila siku ile ilichelewa karibu saa nzima, na mimi ndiye niliyekuwa nimemwapia mama kwamba kule wakisema saa nne ni saa nne. Hakunisuta. Alitoa karanga kwenye pochi akaanza kutafuna, kama mtu aliyekaa stendi ya Nyegezi anasubiri basi lijae.

Theluji ambayo mtoto aliahidiwa hatukuiona. Tulipata manyunyu na upepo wa kukata masikio. Jua linatoka saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi jioni limeshazama. "Jua lenu hili linafanya kazi nusu siku?" mama akauliza.

Sasa, tangu nishuke uwanja wa ndege watu wananiuliza swali moja: kuzuri wapi, huku au kule? Huwa najibu "kila mahali pana yake" na kubadilisha mazungumzo. Leo nitajibu, lakini kwa kitu kimoja tu. Benchi.

Hamburg vivuko vya mtoni vimo kwenye mtandao mmoja na mabasi na treni za mjini. Tiketi uliyopandia basi ndiyo hiyohiyo ya kivuko, nacho kinakuja kila baada ya dakika chache kama daladala. Tulikwenda kupanda namba 62 pale Landungsbrücken. Gati lenyewe linaelea, linapanda na kushuka na maji, maana kupwa na kujaa kwa bahari kunafika hadi pale ingawa bahari iko umbali wa kilomita kama 100. Mama alifika kwenye daraja la kupandia akasimama.

"Maboya yako wapi?"

Mtu wa Mwanza wa umri wake hahitaji kueleza swali hilo. Tarehe 21 Mei 1996 alikuwa anamsubiri shoga yake aliyekuwa anarudi na ndizi kutoka Bukoba kwa MV Bukoba, meli iliyozama siku hiyo. Mpaka leo hajarudi. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018, mama akaapa hapandi tena chombo chochote cha majini, hata kile kivuko cha Kamanga. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kwa ndugu zake Sengerema anakwenda kwa basi, kilomita tatu juu ya maji, na anasema siku hizi anapita macho wazi.

Alipanda kwa sababu moja tu: mjukuu alikuwa ameshaingia, yuko ghorofa ya juu anapunga mkono. Akanishika mkono wa koti na kuanza kuhesabu abiria kwa midomo. Walikuwemo wenye baiskeli, mbwa wawili, mama mwenye kigari cha mtoto. "Wanajuaje kama wamezidi?" Sikuwa na jibu. Kule nimeshazoea kuamini kwamba kuna mtu mahali fulani ameshahesabu.

Tulishuka Neumühlen. Ufukweni pana mabenchi, na katika baridi ya nyuzi mbili au tatu watu walikuwa wamekaa, wamejifunika blanketi, chupa ya chai pembeni, wanatazama meli za makontena zikipita. Mama akawatazama sana.

"Wanamsubiri nani?"

"Hawasubiri mtu, mama. Wamekuja kukaa tu."

Hakuniamini. Alimsogelea mzee mmoja na mkewe, akawaamkia kwa Kisukuma, "mwangaluka", kwa sauti ileile anayoitumia mwaloni, kwenye soko la samaki. Yule mzee akaitikia kwa kichwa, akaondoa begi lake kwenye benchi ili mama apate pa kukaa. Hakutamka neno. Kwa Kijerumani, hiyo ilikuwa hotuba. Mama alikaa pale karibu nusu saa, meno yanagongana, na nilipomwambia twende akasema ngoja hiyo meli imalize.

Jumapili alfajiri niliwaamsha twende soko la samaki, ambalo lipo tangu 1703. Majira ya baridi linafunguliwa saa moja asubuhi na ikifika saa tatu na nusu limekwisha. Hapo ndipo mama alipokuwa mwenyeji na mimi mgeni. Miaka thelathini ameuza dagaa mwaloni Kirumba, na alimtambua mwenzake kwa mbali: jamaa mmoja juu ya gari, anauza mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, ya kukaushwa kwa moshi, sauti imekwaruza, anatupia samaki kwenye mfuko mmoja baada ya mwingine huku bei haibadiliki. "Hiyo ni nyongeza," mama akamweleza mjukuu, "anawavuta." Watu wakanunua. Mama hakununua, alisimama mbele kabisa, mikono nyuma, uso mkavu. Jamaa akatupia mwingine. Mama kimya. Akatupia na wa pili. Ndipo mama akanigeukia: "Sasa mlipe." Mikunga tuliila Hannover, kwa mama ni kamongo wa Kizungu, na hakuisifia.

(Huko Hannover nilimwonyesha pia sangara wetu kwenye friza la duka. Wanamwita Viktoriabarsch. Akataka nimbadilishie bei kwa shilingi, nikambadilishia, akairudisha pakiti taratibu kama inaunguza. Kisha akauliza mabondo, yale maputo ya tumboni mwa sangara, yanauzwa kaunta gani.)

Nirudi kwenye benchi. Sisi watu wa Mwanza ziwa tumelipa kisogo. Tunalivua, tunalivuka, tunafulia, tunalilia, lakini kukaa nalo hatukai. Pale mjini ufukwe umeshikwa na bandari, viwanda vya samaki, hoteli, na kuta za wenye uwezo. Kwenda kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, ni kiingilio na boti. Asiye na hela anakwenda kwenye mawe kutazama jiwe la Bismarck kwa mbali, na mawe ya kijana si mawe ya bibi mwenye magoti mabovu. Nyuzi 27, upepo mwanana, machweo ambayo Mjerumani anayavukia bahari kuja kuyaona, na hakuna mbao tatu zilizopigiliwa misumari ili mtu akae.

Najua nitaambiwa kuna watu wa milimani maji yenyewe ya bomba yanawasumbua, benchi la nini. Ni kweli. Wala sisemi watu waingie majini. Kichocho nakijua kwa kazi yangu. Lakini mbao tatu hazimnyimi mtu bomba.

Kule nako nisikusifie kupita kiasi. Hizo siku chache za kuwa na mama yangu niliziomba kazini mwezi wa nane. Hotelini mtoto aliandikiwa kitanda chake kwa jina, na nyumbani kwangu jirani wa chini alipanda kugonga mlango saa tatu usiku kwa sababu mtoto anakimbia. Hapa Kirumba tangu nifike tumelala tisa kwenye vyumba viwili, na sijaona aliyeomba ruhusa kwa mtu.

Jumapili iliyopita nikamwambia mama twende ziwani jioni.

"Kufanya nini?"

"Kukaa tu."

"Kukaa? Kwani hapa tumesimama?"

Lakini alivaa kanga nzuri. Tukatembea na mpwa wangu mpaka tukapata upenyo kati ya kuta mbili, maji yanaonekana, na dada mmoja amepanga kreti za soda zimegeuzwa viti. Tukakaa. Hata mgongo hatujaunyoosha akaja: "Shikamoo mama. Niwape nini?"

Nikasema tunatazama ziwa tu. Akacheka, akaendelea kusimama. Tukaagiza soda tatu.

"Chupa zisiondoke," akasema, "zina hela yake."

Mama akanigusa kwa kiwiko. Kule Hamburg kikombe nacho kilikuwa na hela yake, unakirudisha unapewa euro zako; yeye alikitia kwenye pochi bado kina moto, nami nikanyamaza.