Wanamuziki hawaogopi AI, wanalinda kapu

Kila mwanamuziki akilalamikia AI jibu ni lile lile, eti anaogopa teknolojia, piga kazi kali uone kama utakosa mashabiki. Na hoja hiyo ina uzito wake jamani, maana hata Bongo bendi za dansi zilikuwa na watu kumi na kitu jukwaani, ikaja kompyuta na prodyuza mmoja chumbani, wazee wakasema muziki umekufa na mbona haukufa. Leo dogo asiye na hela ya studio anaiandikia Suno, programu ya AI inayotunga nyimbo, mistari miwili anatoka na wimbo, nani amnyime?

Ila cheki hesabu za Deezer, ule mtandao wa muziki wa Ufaransa. Novemba 2025 walisema wanapokea nyimbo kama 50,000 kwa siku za AI tupu, yaani 34% ya zote zinazopandishwa. Wakawapima watu 9,000 wa nchi 8, 97% wakashindwa kutofautisha wimbo wa AI na wa mtu, na hiyo 97 ndo kila mtu kaishikilia. Mi iliyoninyima usingizi ni nyingine, nyimbo hizo zinasikilizwa kiduchu, kama 0.5% tu ya usikilizaji wote, na humo humo mpaka 70% ni feki, maroboti, yaani programu za kompyuta, yanajichezea yenyewe. Sasa theluthi ya mzigo wote, haina msikilizaji, imetengenezwa ya nini? Hela tu! Mitandao mingi inaweka hela kapu moja halafu wanagawana kulingana na nani kachezwa mara ngapi, kwa hiyo roboti likicheza wimbo wa roboti usiku kucha linachota fungu la mtu aliyekesha studio. Deezer wanasema wakizinasa hawalipi, sawa, zile wasizozinasa je? Na hapo kazi kali inamsaidia nini msanii, hakuna hata anayeshindana naye.

Kwa mamodo angalau H&M, kampuni ya nguo, walipotengeneza pacha wa kidijitali (picha za AI zinazofanana nao) wa mamodo 30 mwaka 2025 waliomba ridhaa, na pacha ni mali ya modo mwenyewe (mpiga picha na dada wa mekapu sijui pacha wao yuko wapi). Kwenye muziki ridhaa imekuja kwa kesi, lebo kubwa ziliwashtaki Suno na mwenzake Udio 2024 kwa kutumia nyimbo zao bila ruhusa, mwaka uliofuata Universal ikamalizana na Udio, Warner na Suno. Msanii wa Mbagala asiye na lebo anamshtaki nani, na kwa nauli ipi?