Faini ya milioni 5 na meza ya flashi Mwanjelwa

Kijana mmoja pale Mwanjelwa, Mbeya, ana meza, kompyuta yenye kioo kilichopasuka pembeni, na foleni ya watu wenye flashi. Jumamosi niliyosimama kwake alikuwa anamwekea mama wa Tukuyu filamu 6, shilingi 500 kila moja. Zilipoisha kuingia, mama akafunga flashi kwenye pindo la kanga, akawahi gari.

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kijana yule ni mhalifu. Ilipotungwa, anayenakili kazi ya mtu kibiashara aliwekewa faini isiyozidi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, tena hilo ni kosa la kwanza. Mwenye filamu anaweza pia kumdai fidia.

Na mwenye filamu anaumia, sibishi. Mtu akiuza viazi vya msimu mzima kule Makete ili apige filamu, kisha ikazagaa kabla hajarudisha hata nauli za waigizaji, ameibiwa.

Lakini ile milioni 5 tuipigie hesabu. Kwa shilingi 500, ni filamu 10,000. Auze 50 kila siku bila kupumzika, ni siku 200, hajalipa pango, hajalipa umeme, hajala. Ndiyo, hicho kilikuwa kikomo, na hakimu angeweza kupunguza. Kwa asiye na laki 2 mfukoni, nusu ya kikomo nayo ingemfikisha gereza la Ruanda, hapohapo Mbeya, vilevile. Na akifungwa, yule wa Makete hapati hata senti.

Stempu za kodi za filamu na muziki zilizoanza mwaka 2013 zilikuwa za kubandika kwenye kasha la diski. Flashi haina kasha. Kinachoweza kuifuata flashi ni leseni, na sheria ileile ya hakimiliki inamruhusu mwenye kazi kuitoa kwa malipo. Filamu za nje ni ngumu, mwenye haki yuko Mumbai au Seoul. Basi tuanze na zetu. Kwa nini wa kwanza kufika kwenye meza ile awe askari wa kubeba kompyuta, asiwe ofisa wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, mwenye fomu na bei inayolipika?

Nilimuuliza kijana kama angekubali kutoa 100 katika kila 500. Hakufikiria mara mbili.

“Nitoe tu, kaka. Ila namlipa nani?”