Klorini Ifike Hadi Bombani

Mwaka jana fundi wa maji alipita kwa mama mdogo, Isevya hapa Tabora, kuchukua sampuli. Aliacha bomba litiririke kidogo, akajaza kichupa, akatumbukiza kidonge cha kupimia klorini, akatikisa. Maji yakageuka waridi, lakini hafifu mno. Mama mdogo akamuuliza, "Sasa mwanangu, yananyweka?" Akajibu yananyweka, ila klorini, ile dawa ya kuua vijidudu, imebaki kidogo.

Hiyo "kidogo" ndiyo inayonikosesha usingizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka klorini isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mteja anapokinga maji. Hapa Tabora sharti hilo ni zito. Maji ya Ziwa Victoria yanachotwa na kusafishwa Ihelele, Misungwi, ndipo yaje kupitia Solwa na Nzega. Kadiri yanavyokaa bombani klorini inaliwa, na mabomba yenye kutu huila upesi zaidi. Ukizidisha dozi kule mtamboni, walio karibu watalalamikia harufu. Ukipunguza, wa mwisho wa laini hapati kitu. Kwa hiyo inabidi kuongeza dawa njiani, kwenye matangi. Hapo unahitaji pampu ya dozi, mtu wa zamu na dawa isiyokauka stoo.

Halafu kuna mgao. Bomba likikosa presha, maji machafu ya ardhini hupenya kwenye nyufa. Ndiyo maana akina mama humwaga ndoo ya kwanza maji yakirudi. Hawakusubiri maabara iwaambie. Mimi naamini huwezi kutenganisha kanuni ya ubora na saa za huduma. Mamlaka ya maji ikibanwa kuhusu klorini bila kubanwa kuhusu mgao na mivujo, itakuwa inapima tu, haitibu.

Na fedha? EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ndiyo inayoidhinisha bei za maji mijini. Ningependa kila ombi la bei mpya lioneshe wazi kiasi cha dawa, cha vipimo na cha kuziba mivujo, fungu kwa fungu, na fungu hilo lisiguswe kwa kazi nyingine. Sisi wateja tutalipa, lakini tuoneshwe. Matokeo ya vipimo yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kila mwezi, kwa Kiswahili, mtaa kwa mtaa.

Mama mdogo bado anachemsha maji yake kwa mkaa, na mkaa si bei ya mchezo. Karatasi ya Isevya ikibandikwa kwa mwenyekiti, nitakwenda kumsomea mwenyewe.