Gari umeinyanyua mwenyewe, stelingi boksi imekukosea nini?

Mie nna Hilux ya zamani, zile za toshenbaa mbele, kile chuma kirefu kinachojisokota badala ya springi, na springi za majani nyuma, kabla ya 2005 hawajaleta zile zenye springi za koili mbele. Gari ya kazi. Karafuu msimu ukifika, na msimu ukiisha ni kokoto, ndizi, mara dagaa, chochote cha kutoka Konde kwenda Chake, hapa kwetu Pemba. Sasa ikipakia ilikuwa inakaa kitako kama kuku anaeatamia, taa zinamulika minazi badala ya barabara, basi nikaipeleka gereji ikaongezwa majani mawili kila upande nyuma na shakeli ndefu, vile vyuma vinavyoshika ncha ya springi, na mbele wakakaza toshenbaa kidogo ili isionekane imeinama. Nikatoka pale najiona.

Wiki ile ile ikaanza kunitia wasiwasi. Barabara ya Mkoani mnaijua, kona juu ya kona na vilima. Nakata kona, nataka stelingi irudi wenyewe kama zamani, hairudi, mpaka niirudishe kwa mkono. Kwenye sehemu iliyonyooka gari inatangatanga, nasahihisha kushoto, nasahihisha kulia, kutwa hivo hivo, nikifika mabega yananiuma kama nlokuwa napiga makasia.

Fundi wa kwanza hata chini hakuingia. Kashika stelingi, kaitikisa, kasema boksi imekufa hiyo yakhe, yaani stelingi boksi, lile sanduku la meno linalopeleka mzunguko wa stelingi kwenye tairi. Nikaagiza boksi used kutoka Dar ikaja kwa boti, laki tatu na nusu, ikafungwa, gari ile ile. Fundi wa pili akasema tairodi, zile fimbo zinazogeuza tairi, na boljointi, vile viungo vya kichwa cha mviringo vinavyoshika tairi, zikabadilishwa, na kweli tairodi moja ilikuwa imelegea, sikatai, lakini gari ikaendelea kuyumba. Wa tatu ndo alonimaliza khasa, alichukua bisibisi akakaza ile skurubu ya juu ya stelingi boksi kuondoa mchezo. Skurubu ile ukiizidisha, meno ya ndani yanabanana pale katikati pale pale gari inapokwenda moja kwa moja, na stelingi ndo hairudi kabisa. Kwa hiyo nimelipa hela kuongeza ugonjwa.

Na muda wote huo jawabu nnalo mwenyewe, naliona kila siku. Gari ikiwa tupu inayumba, ikipakia inanyooka. Nikimwambia mtu anacheka, ananambia gari yako inapenda mzigo. Hakuna hata mmoja aloniuliza, na mie sikujiuliza, kwa nini boksi mbovu ipone kwa gunia za karafuu?

Mzee mmoja wa Wete, fundi wa zamani wa malori, ndo alonifungua macho, tena tumekaa barazani tu hata gari hajaiona. Kanambia mwanangu, tizama baiskeli. Foku yake haikusimama wima, imelazwa, juu imerudi nyuma kidogo, na hiyo ni moja ya sababu unaweza kuachia mikono na baiskeli ikaenda. Tairi ya mbele ya gari nayo inazunguka kwenye mhimili uliolazwa hivo hivo, mafundi wa alaimenti, wale wanaopima pembe za tairi, wanaiita kasta, na kasta ndo inayorudisha stelingi baada ya kona. Wewe nyuma umeinyanyua, gari imeinama mbele, na ule mhimili umesimama wima. Ukipakia nyuma inashuka, mhimili unalala tena, gari inanyooka.

Nikapiga hesabu usiku. Baina ya tairi za mbele na za nyuma ni kama mita 2.85, na mie nyuma nimezidi kuinyanyua kuliko mbele kwa kama sentimita 5. Hiyo inatoa digrii 1. Inaonekana kidogo, lakini kasta yenyewe ya kiwandani ni digrii chache tu, ukiondoa moja umekula sehemu kubwa.

Maoni yangu ndo haya, na najua mafundi watanichukia. Gari iloguswa springi usianze kutafuta kilichovunjika, anza kutafuta kilichohama. Spea mpya haiwezi kurekebisha pembe. Sisemi usikague viungo, kagua, lakini kagua kwa mikono na si kwa kubahatisha. Mtu mmoja akae ndani acheze stelingi kidogo kidogo kushoto na kulia, tairi ziko chini, mwengine alale chini ya gari ashike kila kiungo kimoja kimoja, tairodi, aidla, ule mkono unaoshikilia fimbo za stelingi upande wa pili wa boksi, na zile bushi. Kilicholegea utakihisi kwenye kiganja kabla hujakiona. Aidla khasa, maana watu wanaisahau, na kwenye gari hizi bushi yake ikila gari inayumba vile vile. Halafu piga jeki, utikise tairi. Ukiishika kushoto na kulia ikacheza, shaka iko kwenye tairodi. Ukiishika juu na chini ikacheza, ni boljointi au beringi, na kujua ipi mwambie mtu akanyage breki huku unatikisa, mchezo ukipotea ni beringi. Bure kabisa, haihitaji boti kutoka Dar. Upepo wa tairi ndo usiseme, wengine wanabadilisha pampu ya stelingi na tairi ya kushoto ina upepo nusu.

Na kuna uongo mmoja unaonikera, watu wanasema ukikaza toshenbaa springi inakuwa ngumu ndo maana gari inadunda. Si kweli. Kile chuma ni kile kile na ugumu wake ni ule ule, unachofanya ni kuinua gari tu. Inadunda kwa sababu amu, ile mikono ya chuma inayoshika tairi, zimeshuka mpaka karibu na vile vizuizi vya raba, tairi ikiingia shimoni haina nafasi ya kushuka, inagonga. Tena amu zikiinama na tairodi zinainama nazo, na tairi zinabadilisha zinavotazama, ndani au nje, ndo unaona tairi mpya inaliwa upande mmoja kwa miezi michache. Kwa hiyo ukigusa toshenbaa hata nusu mzunguko, alaimenti inapimwa upya. Ya tairi kutazama ndani au nje unaweza kupima kwa uzi na futi, mafundi wetu wanafanya na wanafanya vizuri, lakini kasta kwa uzi hupimi, hiyo inataka mashine.

Vijana wa Unguja wanaonyanyua pikapu za kwendea Paje Jumapili, mie sina ugomvi nao, gari ikipendeza inapendeza. Ila na wao wanakuja na swali lile lile, stelingi nzito, stelingi inavuta, na wote washabadilisha boksi.

Yangu mimi nilitoa jani moja kila upande na kurudisha shakeli za zamani. Toshenbaa nikaishusha kidogo. Ile skurubu ya boksi ikalegezwa. Kazi ngumu ilikuwa zile bolti za kamu kwenye amu, ambazo ndo unarekebishia kasta, zilikuwa zimegandana, chumvi ya bahari na maji ya dagaa yanayochuruzika miaka yote hiyo, siku mbili za mafuta na moto na matusi, moja ikakatwa. Halafu nikapanda nayo meli mpaka Unguja kupimwa kwenye mashine. Kurudi, kutoka Mkoani mpaka Chake tupu kabisa, nikakata kona nikalegeza vidole, stelingi ikarudi wenyewe. Nilicheka peke yangu ndani ya gari.

Ikipakia sana bado inakaa kitako, lakini si kama mwanzo, na nshaamua nipunguze gunia kuliko kuongeza majani. Boksi ya zamani naiweka, kumbe ilikuwa nzima. Sasa imebaki buti ya ekseli ya mbele kushoto, ile raba inayofunika kiungo chake, imepasuka na grisi imeruka kwenye rimu, kwa sababu ile ile, toshenbaa ilipokazwa ekseli ikakaa imekunjika kupita kiasi. Fundi anataka abadilishe buti leo leo. Nimemwambia subiri ami, kwanza tupime pembe ya ekseli, ikiwa bado imezidi toshenbaa inashuka tena, buti baadae.