Viacheni Vigango Vioze

Kibandiko cha kigango makumbushoni kilikuwa na mistari mitatu tu. Nguzo ya kumbukumbu. Wagiriama, Kenya. Msanii hajulikani. Huo wa mwisho niliusoma mara mbili, nikacheka peke yangu mbele ya kioo hadi mlinzi akageuka kuniangalia. Hajulikani na nani? Kijijini kilikotoka kigango hicho, aliyekichonga alijulikana kwa jina na kwa baba yake. Hakuna aliyeulizwa, basi.

Kwa msomaji asiye wa Pwani: kigango si pambo. Huchongwa kwa mti mgumu usioliwa upesi na mchwa, kwa ajili ya mzee aliyekuwa mwana gohu, chama cha wenye hadhi katika Wamijikenda, ambao Wagiriama ni miongoni mwao. (Wasio wa gohu hupata koma, kigingi kidogo.) Mara nyingi hakisimamishwi siku ya maziko. Husubiri mpaka marehemu awajie wanawe ndotoni, au maradhi na mikosi iandame nyumba, ndipo mganga aseme mzee anadai chake. Hapo hukatwa mti, hutiwa nakshi za pembetatu, hufungwa vitambaa na kumwagiwa tembo la mnazi. Kikishasimama hakiguswi. Mji ukihama, chenyewe hubaki pale pale, kipigwe na jua na mvua mpaka kianguke.

Desturi hiyo ya kukiacha ndiyo iliyowapa wafanyabiashara wa sanaa kisingizio. Walisema vimetelekezwa. Ni kama mtu apite makaburini Jumanne, asione mtu, aondoke na jiwe la kaburi. Nami sitaficha aibu yetu: mikono iliyoving'oa usiku ilikuwa ya vijana wetu wenyewe, waliolipwa vijisenti. Kufikia mwishoni mwa karne iliyopita, mamia ya vigango yalikuwa katika makumbusho kama 20 ya Marekani, mengi yakiwa zawadi za matajiri. Denver Museum of Nature & Science lilipewa 30 mwaka 1990, na miongoni mwa waliotoa alikuwamo mwigizaji Gene Hackman.

Mambo yalianza kugeuka kwa sababu ya picha. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa mbele ya vigango viwili vya nduguze. Muda si mrefu vikaibwa. Miaka mingi baadaye akakitambua kimoja katika mkusanyiko wa makumbusho ya Illinois, na cha pili kikaonekana Hampton, Virginia. Vyote vilirudi nyumbani mwaka 2007, wakati mzee mwenyewe ameshafariki. Baadaye Denver nao wakaamua kurudisha vyote 30, na Illinois State Museum wakarudisha vingine 37. Hakuna sheria iliyowalazimisha: ile ya Marekani ya mwaka 1990 inawahusu wenyeji wa asili wa nchi hiyo tu. Nawapa heko kwa hilo, tena bila kinyongo.

Hata hivyo, kinachonivutia zaidi ni somo ambalo Denver walikuwa wamekwisha kulipata kwa jirani zao Wazuni, wenyeji wa asili wa New Mexico. Wazuni wana sanamu za mbao ziitwazo Ahayu:da, walinzi wa watu wao, ambazo huwekwa mahali patakatifu zichakae polepole. Walipoanza kuzidai, wahifadhi wengi walishtuka: mtawarudishiaje watu kitu ambacho wataacha kioze? Denver Art Museum, makumbusho mengine ya mji huo huo, walizirudisha zao mwaka 1980, na baada ya hapo nyingine nyingi zikafuata. Wazuni wakaziwekea uzio imara wa kuzuia wezi, usio na paa. Mwizi haingii, mvua inaingia.

Kwangu mimi, badiliko la kweli liko hapo kwenye kukosekana paa. Kubadilisha maneno ya kibandiko ni rahisi, na kuandika “sanaa” palipoandikwa “ushenzi” ni hatua, sikatai. Lakini ukikiita kigango sanaa, bado umekitia kwenye hesabu ya vitu vya kutazamwa na kutunzwa milele, na mzee wa gohu hakuomba kutazamwa.

Tatizo hilo limetufuata hadi kwetu. Vigango vingi vilivyorudi havijulikani ni vya boma gani, maana aliyeving'oa hakuandika jina, na mpokeaji ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Makumbusho nayo, kwa kazi yake, huhifadhi. Yaani mzee ametoka ghala la ng'ambo akaingia ghala la nyumbani, ndoto zake hazijatulia.

Ningependa visivyo na mwenyewe vikabidhiwe wazee wa kaya (misitu mitakatifu ya Wamijikenda), vitafutiwe kiwanja huko Kilifi, visimamishwe kwa tembo na vitambaa kama kawaida, vizungushiwe uzio wa aina ya Wazuni. Gharama ni nguzo, nyaya na mshahara wa mlinzi wa usiku, na huyo nadhani atapatikana Kaloleni au Ganze bila hata kutangaza kazi.