Pointi za Kufuatwa kwa Ndege

Kwetu Elgeyo Marakwet, mwanafunzi anayetaka kufika mbio za nyika za kitaifa hupanda ngazi: kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa. Ukishindwa, unarudi darasani.

Huku Marekani, nilikosoma kwa ufadhili wa riadha, ngazi ipo lakini ina mlango wa nyuma. Katika daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kuna kanda 9, na timu 2 bora za kila kanda hufuzu moja kwa moja kwa mbio za nyika za taifa. Hizo ni 18. Nafasi 13 zilizobaki hutolewa kwa pointi, nazo huzipati kwa kukimbia vizuri tu, bali kwa kuishinda mapema msimuni timu ambayo baadaye itafuzu. Hapo ndipo pesa zinapoliwa. Mbio za jirani hazimfai kocha hata ziwe kali vipi. Oktoba ikifika anawapakia vijana kwenye ndege hadi Wisconsin, kwenye mbio za Nuttycombe, kwa kuwa vigogo wako huko. Tiketi, hoteli, magari ya kukodi, yote hayo kwa mbio za kilomita 8!

Na huu ni mchezo usio na viingilio vya maana. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Akron kilifuta timu yake ya nyika ya wanaume ili kubana matumizi. Wakenya tusilipuuze hilo. Henry Rono, bingwa wa nyika wa NCAA wa 1976, 1977 na 1979, na Edward Cheserek, aliyetwaa taji mara tatu mfululizo kuanzia 2013, walipitia mlango huu huu wa vyuo.

Mimi ningechukua timu 3 kila kanda, zikawa 27, na kuachia pointi nafasi 4 tu. Safari nyingi za Oktoba zingekufa zenyewe.

Najua watakaolia ni kanda ya Mountain, yenye vyuo vya Brigham Young (BYU) na Northern Arizona, ambako timu ya tano inaweza kuzizidi timu za kwanza za kwingineko. Kweli, wataonewa. Lakini kijana anayetolewa kwenye mbio za kaunti yetu angeweza kuwa bingwa katika kaunti nyingi za Kenya, na hatujawahi kumkatia tiketi ya ndege akatafute pointi Mombasa. Wakiona uonevu umezidi, wachore upya mipaka ya kanda. Kalamu ni rahisi kuliko nauli.

Sisemi waige kila kitu chetu. Kulala kwenye sakafu ya darasa la shule mwenyeji usiku wa kuamkia mbio, hilo tubaki nalo wenyewe.