Gemu inayokupa wimbo kisha inaufuta

Tangu Electroplankton, gemu ya kutungia muziki, itoke Japani mwaka 2005 kwa ajili ya Nintendo DS, mashine ya gemu ya kushika mkononi, kisha Marekani na Ulaya mwaka 2006, lawama inayoiandama zaidi ni kwamba hii si gemu. Haina pointi, haina adui, haina kushinda wala kushindwa. Lawama hiyo siikubali hata kidogo. Iko nyingine ambayo watetezi wake huipita juu juu, na kwangu ndiyo nzito: gemu hii haisevu chochote unachotunga.

Toshio Iwai, msanii wa Kijapani aliyeibuni, aliweka ndani yake aina kumi za viumbe wadogo wa majini, na kila aina ni chombo cha muziki cha namna yake. Chukua Hanenbow. Viumbe wanarushwa kutoka kwenye jani lililo majini, wanadunda juu ya majani ya mmea, na kila wanapodunda panalia noti. Wewe kazi yako ni kuyainamisha majani kwa kalamu ya DS. Mdogo wangu, yuko darasa la sita hapa Mwanga, Kigoma, alipoishika hakuuliza pointi ziko wapi. Aliinamisha jani moja, akasikiliza, akaliinua kidogo, akasikiliza tena. Majani yanapogongwa vya kutosha hugeuka mekundu, na yakiwa mekundu yote ua linachanua. Basi akakaa pale anayabembeleza majani mpaka chai ikapoa. Mtu akiniambia huko si kucheza, sijui kucheza ni nini.

Nakubali kwamba viumbe hao kumi hawalingani. Wapo unaowamaliza kabla hata hujakaa vizuri. Na mimi ninayepiga kinanda kwenye kwaya linanikera jambo moja: noti zimeshachaguliwa kwa ajili yako. Kwenye Hanenbow huwezi kukosea, kila ukigusa panalia vizuri, na palipokosekana kukosea hakuna pa kujifunza. Mtoto anayeanza kinanda anajua amepotea kwa sababu sikio linamuuma. Hapa sikio haliumi kamwe.

Lakini hayo yote ningeyasamehe kwa sababu ya Rec-Rec. Samaki wanne wanapita kwenye skrini, kila mmoja unamrekodia sauti yako kwa maiki, nao wanazirudia kwa zamu juu ya mdundo wa ngoma. Sisi tuliwapa ungo wa mama akipepeta mchele, kijiko kikigonga ukingo wa sufuria, injini ya boti ufukweni Kibirizi, na mdogo wangu akinadi “dagaa, dagaa wa Kigomaaa!” kwa sauti ya wale akina mama wa sokoni. Ilitoka biti ambayo prodyuza yeyote wa hapa mjini angeiomba. Ukizima mashine, imekwenda. Hakuna pa kuiweka.

Watetezi wana jibu lao: muziki wa papo kwa papo uzuri wake ni kupita, kama ngoma ya harusini. Jibu hilo linanishangaza, maana ngoma haipiti hivyo. Ikipigwa Ujiji usiku, wapo wanaoitikia, na wapo watoto ukutani wanaoyadaka maneno. Kesho yake wimbo unasikika kwa mwenye kufua na kwa mwenye kuchota maji. Ngoma inahifadhiwa na watu. DS ni ya mtu mmoja, mara nyingi ana spika za masikioni. Nani aitikie? Na pale ambapo watu hawatoshi, tepu ndiyo iliyotuokoa. Tabora Jazz ya akina Shem Karenga tunaisikia mpaka leo kwa sababu Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi zetu. Tungeambiwa enzi zile kwamba uzuri wa muziki ni kupita, leo tungekuwa na nini?

Tena Iwai mwenyewe alijua. Miongoni mwa vitu vya zamani anavyovitaja kuwa chimbuko la Electroplankton, pamoja na hadubini, kuna kinasa sauti. Mtoto aliyependa kinasa sauti alipenda kuisikia tena sauti iliyokwisha lia! Na mwaka 2007, alipotengeneza na Yamaha kile chombo chenye vitufe vya taa, Tenori-on, waliweka nafasi ya kadi ya SD ili mtu atunze alichotunga. Kusema DS haikuweza si kweli pia. Korg DS-10, programu ya kutungia muziki, ilikuja kwenye mashine hiyohiyo mwaka 2008 na inasevu kazi yako. Mwaka 2009 viumbe hawa waliuzwa upya mmoja mmoja kwa kupakuliwa kwenye DSi, toleo la baadaye la DS. Ilikuwa nafasi nzuri ya kurekebisha, na haikutumika.

Hivyo ukikutana na DS ya mtumba yenye Electroplankton ndani, ichukue. Anza na Hanenbow, halafu Rec-Rec, wale wengine watakuja wenyewe. Ila kabla hujamrekodia samaki wa kwanza, washa kinasa sauti cha simu yako na uiweke karibu na spika. Mdogo wangu sasa hivi hafanyi kinyume na hapo, na zile biti zake zinazunguka WhatsApp ya ukoo mpaka Kasulu.